Kiganja na Gari la Marehemu

Fundi Kiganja alinyoosha bodi za magari kwa miaka arobaini na mmoja. Jina hilo alipewa na wenzake wa gereji kwa sababu hakukagua kazi kwa macho. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati polepole, na penye kasoro mkono ulisimama wenyewe. Mkewe alisema ni ajabu, maana mkono huohuo nyumbani ulikuwa hauoni chombo kichafu.

Siku moja daktari wa meno mstaafu, mwanamke wa maneno machache, alimletea gari la marehemu baba yake. Kusema kweli alimletea nusu. Chesisi ilikuwepo, na injini ilinguruma vizuri tu, ila bodi ilikuwa imekwisha: mchwa walikula kiunzi cha mbao, kutu ikamalizia bati. Lilikuwa gari la kifahari la enzi zile za bodi kufuliwa kwa nyundo, moja moja, kwa hiyo hapakuwa na jingine la kuigia. Ilibaki picha moja. Marehemu kasimama mbele ya madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, suti nyeupe, mikono nyuma, kaziba hasa kile ambacho fundi alitaka kukiona.

"Anayelijua amebaki mama yangu peke yake," daktari alisema. "Akisema ndilo, umemaliza. Akisema silo, bodi yote naivua, chesisi naipeleka kwa mafundi wa ng'ambo."

Fundi akasema sawa. Hakumwambia kwamba vidole vyake vimeanza kufa ganzi. Wala hakumwambia kwamba anaitaka kazi hii kuliko zote alizowahi kufanya. Maisha yake yote alikuwa akifuta walichoharibu wengine, na kazi ya namna hiyo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama ulikuwepo. Alitaka aache kitu kimoja kinachoonekana.

Kiunzi alikitengeneza na seremala wa jirani, kisha akagonga bati miezi minane. Tabu ilikuwa kwenye yale madigadi. Kando ya goti la marehemu, pichani, mng'aro wa bati uliingia ndani kidogo, halafu ukatoka. Kiganja aliukodolea macho kwa kioo cha kukuzia siku nne. Akaamua kwamba mafundi wa zamani walikuwa watu wa maringo, na ule ni urembo. Akautengeneza, laini kama shingo ya mtungi, na kwa kuwa gari lina pande mbili, akauweka na kulia. Ulimla wiki sita. Wateja waliokuja kunyooshewa magari yao waliusifu sana.

Mama wa daktari aliletwa asubuhi, bibi wa miaka themanini na tisa, mkongojo mkononi. Alilizunguka gari. Fundi alisimama kando. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Bibi alipofika kwenye madigadi ya kushoto akasimama, akagusa lile bonde.

"Hiki kakitia nani?"

"Mimi, mama. Nimefuata picha."

"Hapa nilibamiza geti. Siku yangu ya kwanza kushika usukani. Mume wangu alisimama pale makusudi, watu wasione."

Daktari akatazama viatu vyake. Fundi Kiganja, mnyooshaji wa vibonyeo, alikuwa ametumia wiki sita kutengeneza viwili, tena kwa kipimo.

"Basi silo," akasema mwenyewe, maana hakuweza kungoja.

"Nani kakwambia silo? Ndilo hili. Ila kulia umetia chumvi, huko sikugonga. Kanyooshe." Vidole vya bibi vilikuwa bado viko kushoto. "Hiki usikiguse. Siku ile alinificha funguo, na mpaka anaingia kaburini aliwaambia wanangu sijawahi kuendesha gari."

"Mama," daktari akasema, "kumbe uliwahi kuendesha?"

"Si nimesema? Mpaka getini."

Fundi Kiganja machozi yalimlengalenga, akayaacha. Daktari alifungua mkoba taratibu, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mama yake. Bibi akamkabidhi mkongojo, akafungua mlango wa dereva.

Fundi, bila kuambiwa na mtu, akaenda kufungua geti la gereji, mabawa yote mawili, akayafunga kwa kamba yasirudi.