Chapati Ndani ya Leso

Kila nikifungua leso yenye chapati moto, harufu yake hunirudisha kwenye shimo la zamani la kuchimba mawe, nyuma ya Komarock, ambalo mvua ilikuwa imeligeuza bwawa. Jumapili moja baada ya kanisa, baba alitupeleka huko kwa miguu kutoka Kayole, mimi na dada yangu tukiwa bado na viatu vya kanisani. Alitamani sana mama amwone mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki kwa kupiga mbizi. Lakini kila mama alipofungua mfuko wa nailoni atugawie chapati, mfuko ulichakarika na ndege akaruka.

“Ndege wako ni wa hadithi,” mama alimtania. “Mimi naona tope tu.”

Baba alicheka, ila njia nzima ya kurudi hakutuonyesha ndege mwingine.

Jumapili iliyofuata mama alifunga chapati kwenye leso, bila kusema kwa nini. Tuliketi nyasini, akaifungua, na haikutoa sauti yoyote. Mdiria alikuwa palepale kwenye tete. Akajitupa majini, akaibuka na samaki mdomoni. Mkono wa mama ulibaki hewani, umeshika chapati yangu.

Baba akaanza kutueleza, “Sasa mtaona, kwanza atampigapiga kwenye tawi, halafu…”

“Mzee, nyamaza,” mama akanong’ona. “Atatoroka.”

Baba akanyamaza. Sijaona tena mtu akinyamazishwa akafurahi vile.