Herufi Iliyobanwa Pembeni

Mimi skuli nliiona kwa nje, nkapita zangu. Lakini kuchonga, usinambie! Nnaweza kukuchongea majina ya ukoo mzima juu ya punje ya mchele, na nafasi ya wajukuu ikabaki.

Nlikuwa nachonga pete na mihuri dukani kwa ami yangu, Mji Mkongwe. Siku hizo keshanunua mashine ya kuchongea, akanambia wazi: "Ukiharibu kazi moja tu, urudi Bwejuu ukalime mwani na mama'ko."

Wiki ile ile akaja Bi mmoja, mwalimu wa historia, na picha ya donge la udongo lilopigwa muhuri na Waebrania wa kale. Muhuri wenyewe umepotea, anataka achongewe mwengine wa kuwafundishia wanafunzi. Mashine ya ami herufi hizo haina. Kazi ikanangukia mimi.

"Pameandikwa nini, Bi?"

"Mali ya fulani, mtoto wa fulani. Wakifunga barua kwa uzi, wanabandika udongo juu ya fundo, wanagonga muhuri. Madonge mengine yana alama za vidole mpaka leo."

"Kumbe watu kama sisi! Mikono hawanawi, barua za watu zinachafuka!"

Akacheka, akanionesha maandishi yanaanzia kulia, kama Kiarabu.

Nlichonga siku tatu, kope zikaomba likizo. Herufi zile sizijui, lakini mkono wa fundi naujua. Marehemu yule alianza kwa madaha, herufi zimejitanua kama mabwana harusi. Kufika mwisho nafasi imemwishia, ya mwisho kaibana pembeni. Na mimi nkaibana vile vile.

Ami alipoona alipiga ukelele, watu wa Malindi, kule bandarini, wakadhani boti inaondoka.

"Umeharibu! Herufi gani hii imebanwa ukutani kama mwizi?"

"Ami, ndivyo ilivyo kwenye picha."

"Fundi wa watu wakubwa wa kale akose nafasi?"

"Mbona mimi hukosa?"

"Ndo mana nkanunua mashine! Lete tupa, niifute!"

Tupa iko mkononi mwake, Bi mwalimu huyo mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subiri kidogo, tunaurekebisha."

Hakusubiri. Akauchukua muhuri, akaugonga kwenye udongo alokuja nao, akaweka picha ubavuni. Mimi nshaanza kunusa mwani.

"Mzee, ukiugusa huu tutagombana! Picha hii nimeifundishia miaka, na sikuwahi kuiona herufi hii ilivyobanwa. Fundi, umeionaje?"

"Sisomi, Bi. Anosoma huangalia jina. Mimi huangalia nafasi."

Ami akaiweka tupa chini taratibu, akatoa kifua mbele.

"Huyu nimemfundisha mwenyewe!"

Uongo mtupu, kanifundisha kufagia tu. Nkamwachia. Alikuwa keshakisogeza kiti changu mlangoni, penye mwanga, na mashine kaitupia kitambaa.