"Carry on" kwenye mizani ya chai

Shamba letu la chai lilipouzwa kwa mtu binafsi, tuliletewa meneja mzungu, kijana wa miaka thelathini hivi. Kila asubuhi alitupita kwenye mizani na kusema, "Carry on!" Basi. Hakuna salamu, hakuna habari za kuamka.

Karani wa mizani alikuwa baba yangu, mtu wa Mlalo, aliyesomea misheni na kukijua Kiingereza kuliko walimu wangu wote. Alitueleza wachumaji: maana yake endeleeni; husema hivyo mkubwa akikuta watu wameshaanza kazi, ili wasisimame kwa ajili yake. "Sasa mimi sijaanza," akasema. "Siku ya mtu mzima haianzi mpaka wadogo wamwamkie. Nitaendelea na nini?"

Kesho yake meneja akapita. "Carry on!" Baba akakunja mikono. Foleni yote ikasimama na vikapu mgongoni, watu wa Iringa, wa Kigoma, na sisi Washambaa. Meneja akarudi. "Carry on!" Akasema tena kwa kupayuka, halafu polepole, halafu kwa kupunga mikono kama anafukuza kuku. Jamani! Majani yalishaanza kupata joto vikapuni, na kiwanda hakipokei majani yaliyoungua. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, nimemkasirikia baba kwelikweli, maana wiki ile ile yalikuwa yanaandikwa majina ya watu wa kupunguzwa kazi.

Nikatoka kwenye mstari, nikamnong'oneza meneja kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili: mwambie shikamoo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Baba akashika mizani.

Loo, meneja alifurahi! Kuanzia hapo akawa anamwamkia kila kiumbe: mabinti, vichanga mgongoni, hadi mbwa wa mlinzi. Mama mmoja wa Kigoma akaona aibu, akaitikia kwa niaba ya mbwa.

Ijumaa akaja na bahasha. Angesema lile neno lake tu, baba asingeipokea. Angekunja mikono pale hata mwezi mzima, namjua. Lakini meneja alivua kofia, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

Baba angefanyaje? Aliitikia marahaba, akaipokea barua ya kuachishwa kazi kwa mikono miwili, akashukuru.

Njiani kurudi nyumbani nilishindwa kumtazama usoni. Mimi ndiye niliyemfundisha yule bwana.