Mgeni Aliyetuliza Kamera ya Harusi

Nimechoka kuambiwa nilisinzia. Sikusinzia. Ilikuwa mchana, hapa Bwaise, uani kwangu, watu wamejaa, na macho yangu haya hayajaomba miwani hata leo. Anayetaka kucheka acheke, lakini anisikilize kwanza.

Tulikuwa tunamwoza mjukuu wangu Shamimu. Baba yake, mwanangu Hamisi, ni dereva, na lori lilikuwa limemharibikia huko Sudan Kusini. Alinipigia simu analia, mwanamume mzima. "Mama, wapige video nzuri. Nimwone mwanangu akiolewa." Nikamwahidi, maana kupiga video ndiyo kazi ya Zaina, mdogo wake Shamimu.

Zaina ana gimbali yake, mkono wa chuma unaoshika kamera isitikisike mtu akitembea. Kabla ya kupiga lazima aisawazishe. Anaizima, anasogeza kamera mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka akiiachia ikae pale pale alipoiacha. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, si kazi ya kumchosha mtu. Siku ile ilikataa. Akiiachia, inageuka taratibu kuelekea getini. Akiirudisha, inageuka tena.

"Zaina, hilo dude lina nini?"

"Sijui, jaja," akaniambia mimi bibi yake. "Nimepima kila upande. Na nimeizima kabisa."

Sheikh ameshakaa, ananitazama. "Mama, ndoa inangoja chuma?"

Mjomba wa bwana harusi akadakia, "Labda imesikia harufu ya pilau." Watu wakacheka. Mimi nilitamani kulitupa lile dude mtaroni.

Ndipo na mimi nikatazama getini. Alikuwa amesimama mwanamke mrefu, amevaa gomesi ya kijani, lile gauni letu refu la mabega yaliyochongoka. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na Bwaise ikinyesha mnaijua. Sote tulikuwa na tope mpaka vifundoni. Miguu yake mikavu, safi. Akatembea kwenda kulia, kamera ikageuka kulia. Akarudi kushoto, nayo ikarudi. Imezimwa, wallahi.

Mnaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye ni nani. Wewe ungemuuliza? Mgeni wa harusi unamhojije? Nilidhani ni wa upande wa bwana harusi. Wao, nilikuja kujua baadaye, walidhani ni wetu. Tukampa kiti na soda.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Zaina, akaweka kidole kimoja juu ya kamera. "Sasa itatulia, mwanangu."

Ikatulia. Zaina akamshukuru, akaanza kupiga. Sheikh akasoma, bwana harusi akaitikia, Shamimu akatolewa nje akaketi na mumewe. Nilipomtafuta yule mwanamke nimpe sahani, hayupo. Soda haijafunguliwa.

Jioni Zaina akamtumia baba yake video. Haikupita muda Hamisi akapiga.

"Mama, picha haitikisiki hata kidogo. Lakini Shamimu yuko wapi?"

"Si huyo hapo, kando ya mumewe?"

"Huyo si mwanangu. Huyu ni mtu mzima, amevaa kijani. Na hatazami watu, mama. Ananitazama mimi."

Tukaangalia sote. Sheikh yupo, bwana harusi yupo, mimi nipo na tope langu. Pale Zaina alipomwelekezea dada yake kamera, ameketi yule mgeni. Sasa ningefanya nini? Ningemwoza mtoto mara ya pili?

Tukaifuta ile video. Haikusaidia. Hamisi alirudi, akakumbatiwa na binti yake hapa hapa uani, na mpaka leo anakaa naye, anaongea naye, wanacheka. Lakini Shamimu akishatoka tu, baba yake ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama, anafananaje?" Kila akitaka kuukumbuka uso wa mwanawe, unamjia ule mwingine. Namweleza pua, namweleza macho. Kesho ananiuliza tena.

Kwa hiyo nyinyi wenye shughuli, msione haya. Akija mgeni usiyemjua, muulize ni wa upande gani, na muulize mbele ya watu wote wa pande zote mbili. Atanuna. Mwache anune.