Kiti cha Mtoto na Mapaja ya Bibi

Wiki iliyopita, ndani ya ndege ya kutoka Unguja kwenda Maskati, nilikaa safu moja na mama kijana, binti yake mdogo aliyeanza juzi kutembea, na bibi wa mtoto, bi mkubwa wa mtaa wa Ng'ambo. Mama alikuja na kiti cha mtoto cha gari. Mhudumu alikikagua, akasema kiwekwe dirishani, na mtoto akafungwa mikanda.

Bibi akajipiga mapaja. "Haya yana kasoro gani? Nyie nyote nshakuleeni hapa."

"Mama, ndege ikitikisika mikono haitoshi," mama wa mtoto akamwambia.

"Yangu haijamwangusha mtu," akajibu, akageuza uso.

Tulipokuwa juu, bibi akaletewa chai, akaiacha ipoe. Ghafla ndege ikadunda, chai yote ikammwagikia mapajani, buibui likarowa. Mama wa mtoto akaanza kumfuta.

"Umeungua, mama?"

"Sikuungua, imeshapoa."

Bibi akamtazama mjukuu wake, amelala fofofo ndani ya mikanda. "Angekuwa hapa..." akasema, asimalize. Kisha akakigusagusa kile kiti kwa ncha za vidole. "Haya, kizuri. Lakini tukishuka, nnambeba miye."

Nami nakiunga mkono kiti hicho, angani. Ila tulipotua na mikanda ikafunguliwa, nilimwona mtoto alivyomrukia bibi yake. Bibi alishuka naye begani, na mama akafuata nyuma na kiti kitupu, kinamgonga magoti kila hatua, anacheka.