Ramani Zilizobaki Nje ya Kitabu

Walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, maana miguu yake haikujua kutulia. Alikuwa fundi wa kike wa cherehani za viwandani. Kampuni ilimtuma popote palipokuwa na karakana ya ushonaji, na akishaifungua mashine, kuitia mafuta na kuifunga, wenzake wakikimbilia nyumbani, yeye aliuliza: hapa kwenu kuna nini cha kuona? Ndivyo alivyozijua chemchemi za maji moto, maporomoko yasiyo na kibao, na nyumba za wageni ambazo shuka zake hunukia jua.

Dada yake mkubwa alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi. Alipostaafu alikuwa mjane, watoto wameshaota mbawa, basi akaanza kufuatana na mdogo wake. Kiguu aliandika, dada alichora. Hakuwa mtu wa haraka hata kidogo. Alisimama njia panda mpaka mwenzake akanuna, akiangalia kilima kiko upande gani wa daraja, kisha akavuta mstari mmoja tu. Nyumbani aliirudia ramani kwa wino, na pembeni akatia utani: mbuzi mkaidi aliyewazibia njia, au mwanamke aliyebeba kisanduku cha vifaa, ulimi nje.

"Huyu ni nani?" Kiguu aliuliza.

"Simjui. Nilimkuta tu anahema mlimani."

Kazi ilipotosha kuwa kitabu, waliipeleka kwa mchapishaji. Mhariri, mama wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwapokea katika chumba kilichojaa maboksi mpaka wageni wakakalia vitabu visivyouzika. Alikuwa ameusoma muswada wote. Alisema wataupokea, ila mtu wao lazima azipite njia zote kuzihakiki, kisha kurasa zipangwe, ndipo uende mtamboni. Mwaka mzima, pengine miwili. Fungu la mwandishi lingekuwa dogo, hilo hakulificha. Lakini ramani alizitandaza mezani mojamoja, akizishika kwa ncha za vidole.

"Kila moja itakaa kurasa mbili," alisema. "Msomaji akifungua, aione njia nzima."

Dada alitazama sakafu kama mwanafunzi aliyetajwa jina mbele ya shule nzima. Walipotoka nje akamwambia mdogo wake, "Mimi nitaamini siku nitakayokishika mkononi."

Miezi ikapita. Mhariri alirudisha kurasa zimejaa wino mwekundu. Hapa ulifika lini? Kushoto, ukiwa umetazama wapi? Kiguu aliona anachokonolewa bure. Yeye ndiye aliyekwenda kwa miguu yake; huyu aliyekaa kwenye kiti anamuuliza nini?

Ndipo akapata mshauri pale kazini. Mtunza bohari wa kampuni alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe mtandaoni, cha safari za treni, na tangu hapo alitembea kifua mbele.

"Unaomba ruhusa ya nini?" alimwambia. "Mimi nilikaa na kompyuta Jumamosi, Jumatatu nikaamka mwandishi. Bei napanga mwenyewe, fungu kubwa langu, nikikosea narekebisha palepale. Mchapishaji akikosea, kosa linakaa rafuni mpaka mchwa walile."

Kiguu alicheka, lakini maneno yakamwingia. Akauondoa muswada na ramani zake kwa mchapishaji bila kumwambia dada yake. Alijidanganya kuwa anataka kumshtua kwa furaha. Alipoanza kukitengeneza kitabu, maneno yalikaa vizuri kwenye kioo cha simu. Ramani zikagoma. Ukizipunguza, maandishi yanakuwa kama sisimizi. Ukizikuza, njia inakatika. Mtunza bohari alisema zinaweza kukatwa vipande na kuchorwa upya, kazi ya wiki kadhaa. Kiguu hakuwa na moyo wa kungoja tena. Akazitoa zote, akazisukuma kabatini chini ya makopo ya mafuta ya mashine, akabonyeza kitufe.

Kitabu kilikwenda. Watu wasiomjua walimshukuru kutoka mbali, na kwa siku chache aliishi kichwa juu. Dada yake alikiona kwa jirani, kwenye simu. Akaja bila kupiga hodi ya pili.

"Nimekipitia mpaka mwisho," alisema. "Ramani ziko wapi?"

"Hazikukaa, dada. Kioo ni kidogo."

"Na yule mhariri?"

Kiguu akaeleza. Dada alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Haya," akachukua mkoba wake. Heri angemtukana.

Msimu wa mvua, mume na mke walioongozwa na kitabu hicho kwenda kwenye chemchemi walishika kushoto kwa mto kama walivyoelekezwa, wakatumbukia bondeni. Mke alivunjika kifundo cha mguu. Mume aliandika kwa adabu tu, bila ukali: je, mwandishi alimaanisha kushoto ukipanda au ukishuka? Kiguu aliusoma ujumbe huo mara mbili. Lilikuwa swali lilelile la wino mwekundu. Alirekebisha palepale, kama mtunza bohari alivyosema, na kabla chai yake haijapoa kitabu kilikuwa sahihi. Lakini mguu wa yule mama ulikuwa umeshafungwa plasta.

Alimeza aibu, akarudi kwa mhariri.

"Kitabu kilichokwisha kutoka, wakubwa wangu hawatakigusa," mhariri alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ila zile ramani, peke yake, ningezipigania mpaka wazikubali. Niletee."

Kiguu alikimbia nyumbani akafungua kabati. Kopo moja lilikuwa limevuja. Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi moja hadi nyingine, wino umetawanyika, mito na barabara zimekuwa doa moja la kahawia. Alizibeba hivyohivyo mpaka kwa dada yake.

Dada alizitazama, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka.

"Imeanza lini?" Kiguu aliuliza.

"Toka mwaka jana. Ndiyo maana nilitaka kitabu."

Kiguu akasema angalau ataliweka jina la dada yake ukurasa wa kwanza wa kitabu, leo hii, ni jambo la dakika moja.

"Usiniandike," dada alisema. Hakuwa amekasirika. "Mimi sikuchora kitabu hicho."

Wakanywa chai, wakazungumza habari za watoto. Wanatembeleana mpaka leo, ila safari hawaendi tena pamoja. Kitabu bado kinanunuliwa. Juzi msomaji mmoja alimsifu Kiguu kwamba maelezo yake ni mazuri mno, ramani haihitajiki. Aliusoma ujumbe huo amesimama karakanani, bisibisi mkononi, kisha akaitia simu mfukoni, akarudi kwenye mashine.