Mama wa Maziwa

Shomari, mpishi wa setla Mgiriki, humsikia mama wa maziwa kabla hajamwona: mama hukohoa kidogo, kisha hugonga kibuyu kwa ukucha. Viganja vyake vimekolea weusi wa mkaa anaosugulia vibuyu. Akiambiwa apitie mlango wa nyuma, husimama palepale mbele mpaka afuatwe. Siku moja Mgiriki alimsimulia mama michezo ya kuigiza ya kale ya kwao, ambamo wanawake huwabishia wafalme mchana kweupe. "Ila walioigiza ni wanaume," akacheka, "wamevaa vinyago vya kike." Mama akaupangusa mdomo wa kibuyu. "Kumbe maneno mlitupatia, pa kusimama mkatunyima."

Wiki ileile, wanaume wakiwa wamesombwa kujenga barabara ya Wajerumani, mfereji utokao mlima Meru uliziba, migomba ikaanza kunyauka. Mfereji ule ni mwiko kwa mwanamke kuugusa. Shomari alimkuta mama ndani yake, tope magotini, jembe mikononi, na mzee msimamizi wa mfereji akifoka ukingoni: "Mwanamke! Toka humo!"

Hakuacha kuchimba. "Shikamoo, baba. Sogea, maji yanakuja."

Mzee, na ukali wake wote, akasogea.